Daftari la Wiki: Mapukutiko katika Milima ya Great Smoky

Rangi. Katika milima ya Great Smoky, iliyo mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina nchini Marekani, majira ya mapukutiko, yaani miezi ya Septemba hadi Novemba ambapo miti mingi hupoteza majani, huanzia vileleni penye baridi na kuteremka taratibu hadi mabondeni. Umanjano unaojitokeza wakati huo huwa ndani ya jani tangu mwanzo, ukiwa umefunikwa na klorofili, ambayo ni kemikali ya kijani inayonasa mwanga wa jua, ilhali wekundu hutengenezwa upya jani linapokaribia kufa.

Kindi. Kindi wa kijivu huzika mbegu za mwaloni mwekundu zikiwa nzima, lakini zile za mwaloni mweupe, ambazo huota katika majira hayahaya, mara nyingi huzing'ata kiini kwanza ili zisichipue kabla hazijaliwa. Hiyo ni hekima inayostahili heshima.

Dubu. Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, iliyoanzishwa mwaka 1934, inakadiriwa kuwa na dubu weusi wapatao 1,900, ambao katika majira haya hula kupita kiasi ili kujiwekea mafuta ya kuwavusha miezi ya kulala pangoni bila chakula. Kwa dubu jike jambo hilo lina uzito zaidi, kwa sababu yai lililorutubishwa katika majira ya joto halijishikizi kwenye mji wa mimba hadi mwishoni mwa mapukutiko, na mama asiponenepa vya kutosha mimba haiendelei. Hivyo watoto watakaozaliwa Januari na Februari hutegemea sana mbegu za mwaloni zilizoanguka Oktoba. Mialoni haizai sawasawa kila mwaka, na panapokuwa na uhaba dubu hushuka hadi kwenye makazi, ambako hukuta mapipa ya taka yasiyofungwa na vyombo vya kulishia ndege vilivyojaa alizeti. Dubu aliyezoea chakula cha binadamu hupoteza woga, na mara nyingi huishia kuuawa. Lawama ya kifo hicho ni ya mwenye pipa, wala si ya mnyama.

Watalii. Kanuni za hifadhi zinakataza kumsogelea dubu kwa makusudi hadi chini ya takriban mita 46, na bado wapo wanaoshuka garini kumfuata kwa kamera.

Msiba. Zamani dubu na kindi walikuwa na akiba nyingine ya chakula. Mti wa mchesnati wa Kimarekani ulichanua baada ya hatari ya jalidi kupita, kwa hiyo ulizaa karibu kila mwaka. Lakini kuvu kutoka Asia, iliyogunduliwa New York mwaka 1904, iliangamiza miti ipatayo bilioni 4 katika muda wa takriban nusu karne. Visiki vya mchesnati huchipua hadi leo, na machipukizi hufa kabla ya kukomaa. Hasara hiyo haijafidiwa.

Furaha. Wapiti, ambao ni kulungu wakubwa waliotoweka milimani humo na kurejeshwa mwaka 2001 katika bonde la Cataloochee, husikika katika majira haya: madume huwaita majike kwa sauti nyembamba kama filimbi.

Mashine za kupuliza majani. Kelele zake zinaudhi, na madhara yake ni makubwa kuliko kelele. Vimulimuli wa Elkmont, eneo lililo ndani ya hifadhi hiyo, wanaosifika kwa kuwaka kwa pamoja mwanzoni mwa majira ya joto, hukaa mwaka mmoja hadi miwili wakiwa lava, yaani viluwiluwi vya wadudu, ndani ya udongo na chini ya majani yanayooza. Ua unaosafishwa hadi udongo ukaonekana huwanyima wadudu wa namna hiyo makazi.

Kwa wenye nyumba. Mwaloni mweupe huanza kuzaa kwa wingi ukiwa na umri wa takriban miaka 50, kwa hiyo anayeukata leo ili dirisha lake lione mbali huwanyima dubu chakula ambacho hata wajukuu zake watachelewa kukirudisha. Mialoni na iachwe, majani yabaki chini, na mapipa yafungwe kila usiku.