Alfa ya Cronbach na Hojaji ya Kiswahili

Sura ya tatu ya tasnifu nyingi za isimujamii na ufundishaji wa Kiswahili ina sentensi isiyokosekana: data iliingizwa katika SPSS, alfa ya Cronbach ikazidi 0.7, kwa hivyo hojaji ni thabiti. Msimamizi huipita, mtahini huipita, na mwanafunzi husonga mbele hadi sura ya nne. Je, sentensi hiyo imethibitisha nini?

Alfa, ambayo Lee Cronbach aliifafanua mwaka 1951, hukadiria jinsi majibu ya maswali ya kipimo kimoja yanavyokwenda pamoja. Ni sifa ya majibu ya kundi fulani la watafitiwa, wala si ya karatasi ya maswali. Hojaji iliyopata 0.85 kwa Kiingereza huko Marekani haiihamishi tarakimu hiyo hadi kwenye tafsiri inayojibiwa Malindi au Kakamega. Isitoshe, alfa hupanda maswali yanapoongezwa. Uhusiano wa wastani baina ya maswali ukiwa 0.3, maswali 5 hutoa alfa ya 0.68, maswali 10 hutoa 0.81, na 20 hukaribia 0.90. Anayeuliza jambo lilelile kwa visawe atavuna tarakimu ya kupendeza, naye hajapima mengi.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kumtangulia mtakwimu. Tazama "Hupenda kusoma riwaya" na "Hupendi kusoma riwaya". Irabu moja ya mwisho ndiyo inayotenganisha mazoea na ukanushi, na msomaji mwenye haraka hairuki kwa ukaidi. Tena, anayeulizwa "Je, hupendi kusoma?" akajibu "Ndiyo", aghalabu anakubali kwamba hapendi, mwenzake aliyezoea kujibu Kiingereza huenda akakusudia kinyume. Tarakilishi huwajumlisha wote wawili bila kusita. Swali la kukanusha lisipogeuziwa alama kabla ya hesabu, alfa huporomoka, pengine hata chini ya sufuri. Kisha SPSS huonyesha jedwali la alfa itakavyokuwa kila swali likiondolewa, na mtafiti huliondoa swali "baya" bila kulisoma upya. Kosa la tafsiri limezikwa, na tarakimu imepanda!

Wanaoingia katika isimunafsia wana mtihani mwingine. Katika jaribio la Stroop la mwaka 1935, mtu hutaja rangi ya wino ilhali neno lililoandikwa ni jina la rangi nyingine. Karibu kila mtu huchelewa. Lakini kwa kuwa wote huchelewa kwa kiasi kinachokaribiana, jaribio hilo huweza kuwa dhaifu katika kuwatofautisha watu, jambo ambalo Hedge, Powell na Sumner walilionyesha mwaka 2018. Kwa majaribio ya namna hii, programu ya R, ambayo haiuzwi, huweza kuyagawa majibu ya kila mtu katika nusu mbili kwa nasibu, mara elfu kadhaa, na kukadiria uthabiti kwa wastani wa migawanyo hiyo. Hesabu yenyewe huchukua dakika chache.

Idara za Kiswahili zingeweza kudai mambo mawili kabla ya tasnifu kupokelewa: alfa ya kila kipimo ikokotolewe kutokana na majibu ya watafitiwa wenyewe, na maswali yaliyoondolewa yachapishwe katika kiambatisho, kila moja na sababu yake ya kiisimu.