Ekru za remorki yetu zinaliwa na kutu, na sisi tunaangalia



Mwezi huu nilipaswa kuandika juu ya nafasi kati ya mistari ya mpunga. Hiyo nitaiandika mara ingine. Leo ninaomba tuongee juu ya kitu kidogo kinachoingia ndani ya kiganja cha mkono: ekru ya gurudumu la remorki.

Msimu uliopita nilisindikiza kooperative moja ya hapa bonde la Ruzizi. Trakta ilivuta remorki yenye magunia 40 ya mpunga, tukielekea kwenye mashini ya kukoboa. Saa kumi za mchana, tairi la kuume likapasuka. Tairi la akiba lilikuwepo, kriki ilikuwepo. Kila mtu alisema ni dakika makumi mbili tu, halafu tunaendelea.

Lakini kle ya magurudumu haikuwepo. Tuliomba ya shofere wa kamio aliyekuwa anapita. Ekru mbili zilitoka. Ya tatu ilikata bulo yake, ya ine vilevile. Mbili zilizobaki hazikusogea hata kidogo, zilikuwa zimeshikana na bulo kwa kutu kama kitu kimoja. Giza likaingia, mvua ikaanza, na bashi la kufunika mzigo lilikuwa na matobo. Tulilala pale barabarani. Asubuhi magunia ya juu yalikuwa yamelowa. Mnunuzi aliuma punje moja, akatikisa kichwa, akapunguza bei. Hasara ile iligawanywa kwa wanachama wote, pamoja na mama mmoja mjane aliyeleta magunia mawili tu na ambaye hajawahi kugusa remorki ile.

Mzee mmoja wa komite aliniambia: "Agronomu, mwanangu, ni bahati mbaya." Kwa heshima yake sikujibu. Ninajibu leo: mzee wangu, haikuwa bahati mbaya. Remorki ile ililala inje misimu mizima ya mvua, na hakuna mtu aliyegusa ekru zake tangu siku ilipofika. Tulivuna kile tulichopanda.

Kutu ni nini? Ni chuma kinacholiwa na maji pamoja na hewa. Maji yanaingia katikati ya ekru na bulo, yanakaa pale, na kutu linavimba ndani ya meno. Remorki zetu zinaoza haraka kuliko gari la mtu wa mjini, kwa sababu tunabebea mbolea. Mbolea ya dukani ina chumvi, na chumvi inavuta maji na kuongeza nguvu ya kutu. Samadi na tope zinashika unyevu siku nyingi. Tunashusha mbolea, tunakwenda kula, na unga wake unabaki juu ya magurudumu mpaka msimu mwingine.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Ekru ya kutu haina hatari tu pale inapokataa kutoka. Inaweza pia kulegea. Kutu, tope na rangi nene zikikaa katikati ya ekru na gurudumu, unafikiri umekaza sana, kumbe umekaza juu ya uchafu. Ukitembea na mzigo, uchafu ule unasagika, nafasi inabaki, na ekru inaanza kucheza. Angalia vizuri: ukiona mistari ya kutu inatoka kwenye ekru kama machozi, mara nyingi ni alama kwamba ekru hiyo imelegea. Gurudumu linalochomoka kwenye mteremko haliulizi nani amekaa juu ya magunia. Na sisi wote tunajua nani anakaaga juu ya magunia: watoto wetu na akina mama wanaorudi soko.

Sasa tufanye nini? Kazi yenyewe si ngumu.

Tafuta brosi ya chuma, mazuti kidogo na kle inayolingana kabisa na ekru. Kle kubwa kupita ekru itakula pembe zake, na hapo utalia. Fanya kazi wakati remorki haina mzigo, imefungwa kwenye trakta iliyozimwa na kufungwa breki, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Sugua meno ya bulo yanayoonekana, tia mazuti, uache usiku mzima. Asubuhi piga ekru polepole na nyundo pembeni, si juu ya meno. Halafu jaribu kuikaza kidogo kwanza, ndipo uifungue. Mara nyingi ule mwendo mdogo wa kukaza unavunja kutu. Legeza ekru wakati gurudumu lingali chini, kisha ndipo upandishe na kriki. Ikikataa, rudia mazuti na ungoje. Haraka ndiyo inakata bulo.

Tafadhali, msitumie moto. Nimeona vijana wanachoma ekru na tairi likiwa bado kwenye gurudumu. Joto linapandisha nguvu ya hewa ndani, tairi linaweza kupasuka kama bomu na kuua mtu. Kama mazuti na uvumilivu vimeshindwa, ita fundi.

Wakati wa kurudisha, safisha fasi ekru inapokaa mpaka chuma kionekane. Kaza kwa kuvuka: moja ya juu, halafu inayoielekea ya chini, hivyo hivyo mpaka mwisho, kidogo kidogo kwa mizunguko miwili ao mitatu. Usijaze grisi ndani ya meno. Najua wengi wanafanya, wakifikiri wanazuia kutu. Grisi inafanya ekru iteleze, unakaza kupita kipimo bila kujua, na bulo inavutika mpaka siku moja inakatika. Ukimaliza kukaza, paka mafuta kidogo kwa inje, juu ya meno yaliyobaki wazi. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kaza tena. Bulo moja ikikatika, badilisha pia zile zinazopakana nayo, maana zilibeba uzito wake. Na kila mara mkishusha mbolea, mwageni maji kwenye magurudumu, yasafike, yakauke.

Hayo ni ya mikono. Lakini sikuandika kwa sababu ya brosi na mazuti. Ninaandika kwa sababu ya neno ambalo yule mama mjane aliniambia siku ya hesabu: "Agronomu, kitu ya bote haina mwenyewe." Hakuna aliyesema ukweli kuliko yeye.

Jembe la mtu halilali na mvua. Piki ya mtu inapanguswa kila jumapili. Remorki ya kooperative, ambayo ina bei kuliko piki nyingi, inalala chini ya mwembe, na kila mmoja anafikiri mwenzake ataiangalia. Shofere anasema yeye ni wa usukani. Trezorie anasema hakuna mstari wa ekru katika budjeti. Prezida anasema tungoje mradi.

Hapo lazima nijishitaki mimi pia. Nilikuwepo siku remorki moja ya namna hii ilipotolewa. Kulikuwa na hotuba, kulikuwa na picha, kulikuwa na fanta. Hakuna mtu, hata mimi niliyesoma mambo haya shuleni, aliyeuliza: kle iko wapi? Sisi watu wa miradi tunapenda kutoa chuma kipya, hatupendi kufuata chuma cha zamani. Hiyo ni kosa letu. Lakini kosa letu haliwezi kuwa sababu ya ninyi kupoteza mpunga wenu.

Maoni yangu ni haya. Kooperative isiombe remorki ya pili mbele ya kuonyesha ekru za ile ya kwanza. Achague mtu mmoja, kwa jina, mwenye kushika kle, kriki na kaye. Apewe kitu kidogo kwa kila safari, maana kazi ya bure inachoka haraka. Katika kaye aandike tarehe aliyokaza, bulo iliyobadilishwa, na nani alichukua remorki. Komisyo ya uangalizi iangalie kaye hiyo vilevile inavyoangalia kaye ya kasha. Na kila gunia linalopanda remorki lilipe kiasi kidogo, kiwekwe pembeni kwa ajili ya matairi, bulo na bashi tu. Sheria ya OHADA ya mwaka 2010 juu ya kooperative inatulazimisha kuweka akiba kutoka kwa faida ya mwaka. Ni vizuri. Lakini akiba ya mwisho wa mwaka haitakusaidia saa moja ya usiku barabarani.

Wengine watasema: "Wanachama ni maskini, hawawezi kulipa tena." Ninawaelewa, ninaishi nao. Lakini wamekwisha kulipa. Walilipa siku mnunuzi alipouma ile punje. Tofauti ni kwamba walilipa bila kuulizwa, na hawakupata hata bulo moja mkononi.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja. Mbele ya mkutano wenu unaokuja, mtu mmoja apite pale remorki inapolala, ahesabu ekru zilizopo, zilizokosekana na zinazolia machozi ya kutu. Alete hesabu hiyo mbele ya wanachama, na mkutano usifungwe mpaka jina la mwenye kushika kle limeandikwa. Mkiniita nitakuja. Nitaleta brosi yangu, na safari hii nitauliza kle iko wapi.