Noti iliyo mkononi mwako ni deni la Benki Kuu

Kauli ya Bi Mwanaidi

Jumatano asubuhi nilikuwa kwenye benchi la mama wa supu, Magomeni, redio ikiwa juu ya kabati la vikombe. Mtangazaji akasoma jumla ya mali za Benki Kuu, matrilioni ya shilingi, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyefumania mwizi: fedha zote hizi zinakaa pale zinafanya nini, na wananchi wana njaa? Benchi zima likaitikia. Kijana wa bodaboda aliyeketi kando yangu akagawa kwenye simu kwa idadi ya Watanzania, akanionyesha: "Bi Mwanaidi, huu mgao wangu. Waandikie wanitumie."

Supu ilinipoa. Kijana sikumkasirikia, anayerejesha mkopo wa pikipiki kila siku ana haki ya kuuliza fedha ziko wapi. Hasira zangu zilikuwa kwa mwenye kipaza sauti, maana karatasi aliyoisoma ina nusu ya pili na hiyo hakuigusa.

Mizania ina pande mbili. Upande mmoja mali: akiba ya fedha za kigeni, dhahabu, dhamana za serikali, mikopo. Upande wa pili madeni: noti na sarafu zote tulizo nazo mikononi, amana za mabenki ya biashara, amana za serikali yenyewe. Nikatoa noti ya 10,000 ya kulipia supu.

"Hii ya nani?"

"Yako, mama."

"Kwangu mali. Kwa aliyeitoa ni deni."

Akaigeuzageuza, akazitazama saini za Waziri wa Fedha na Gavana kana kwamba hajawahi kuziona. Mama wa supu alishaelewa. Yeye ni mweka hazina wa kikoba chao, analala na kasha lenye kufuli tatu. "Likijaa," akasema, "mimi sijatajirika."

Kilichoniuma zaidi ni mtangazaji kudai kwamba jumla ya mali ikipanda, nchi imeneemeka. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ikapita 2,600. Dola ileile iliyolala kwenye akiba, bila kuongezwa hata senti, ikahesabiwa kwa shilingi nyingi zaidi. Mizania ikanenepa, na mwenye duka la vipuri Kariakoo akawa analia. Tena tazama Marekani. Kabla ya msukosuko wa 2008 mali za Federal Reserve hazikufika dola trilioni 1. Mwaka 2022 zilikaribia trilioni 9. Hawakuchimba hazina yoyote. Walinunua hatifungani na kulipa kwa fedha walizoziandika wenyewe kwenye akaunti za mabenki, na kila dola ya mali ikazaa dola ya deni upande wa pili. Benki Kuu ihojiwe, na ihojiwe kwa ukali: inaikopesha serikali kiasi gani, akiba yetu inatosha kuagiza bidhaa za miezi mingapi. Hayo ndiyo maswali ya kumlisha msikilizaji asubuhi.

Kijana alinirudishia noti, akavaa kofia yake ngumu. "Sasa mbona redioni hawajayasema?"

Redio ilishahamia kwa Simba na Yanga. Huko walikuwa wakisoma takwimu za timu zote mbili.