Hatari ya Safari Haiko Tsavo, Iko Mlangoni Petu

Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa tatu, wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kupata habari kwamba mwalimu wao aliitumia likizo ya Agosti kuendesha baiskeli, peke yake, kutoka mtaa wa Jericho hapa Eastlands hadi Mombasa. Swali la kwanza lilitoka safu ya nyuma, kama ilivyo ada: "Mwalimu, hukuwaogopa simba wa Tsavo?" Darasa likaangua kicheko. Nikajibu kwamba katika safari ile ya kilomita 480 na ushei niliogopa mara nyingi, lakini hofu iliyonikausha mate niliipata asubuhi ya kwanza, jua halijachomoza sawasawa, nami sijafika hata Donholm. Wakacheka tena, wakidhani nafanya mzaha. Sikuwa nafanya mzaha, na ndiyo sababu nimeishika kalamu.

Hapa mitaani kwetu baiskeli haina heshima. Huonekana kuwa chombo cha muuza mikate na mchuuzi wa maziwa, na mtu mwenye kazi ya mshahara akionekana juu yake huulizwa kwa upole kama mambo ni sawa nyumbani. Tumesahau upesi. Wazee waliokulia Kaloleni, Shauri Moyo na Bahati wanazikumbuka enzi ambapo mfanyakazi aliyemiliki ile baiskeli nyeusi nzito iliyoitwa "blakimamba" alitazamwa kama mtu aliyepiga hatua. Aliiendesha hadi Viwandani alfajiri, na Jumapili akaing'arisha kwa kitambaa chenye mafuta. Leo kijana wa Kayole ambaye hajawahi kutoka nje ya jiji kwa nguvu za miguu yake huweza kukutajia aina ya kila gari lipitalo. Simlaumu. Sisi wakubwa ndio tuliomfundisha kwamba mwendo ni kitu cha kununuliwa.

Nianze na taabu, maana msafiri anayesimulia raha tupu si wa kuaminiwa. Wengi hudhani kwamba kutoka Nairobi hadi Mombasa ni mteremko mtupu, kwa kuwa jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ramani haidanganyi, ila haisemi yote. Agosti ni msimu wa kusi, na upepo ule hutoka upande wa kusini-mashariki, ukampiga usoni kila anayeelekea pwani. Kati ya Mtito Andei na Voi nilikanyaga pedali mteremkoni kana kwamba napanda kilima. Pembezoni mwa lami kumetapakaa nyuzi za chuma zilizotoka katika tairi za malori zilizopasuka. Ni nyembamba kama sindano, wala jicho halizioni mpaka gurudumu limekwisha kunywea. Niliziba pancha saba, nyingine juani, mikono ikitetemeka kwa kiu, gundi ikikauka kabla sijaibandika.

Juu ya hayo kuna malori yenyewe. Trela likipita karibu, upepo wake kwanza humsukuma mwendesha baiskeli nje, kisha humvuta ndani kuelekea magurudumu yake. Katika vilima vya Salama, lori lililokuwa likilipita jenzake lilinijia ana kwa ana katika upande wangu, nikajitupa na baiskeli yangu kwenye changarawe. Niliinuka na goti lenye damu. Dereva, sidhani hata aliniona.

Taabu nyingine ni ya upweke. Siku mbili za kwanza upweke ni mtamu; siku ya nne huanza kukudai. Mtu asiye na wa kuzungumza naye hurudia rohoni madeni yake yote, na mimi nilimkumbuka kijana mmoja niliyemwita mzembe mbele ya wenzake kwa sababu alichelewa kila asubuhi. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Dandora kwa kukosa nauli. Jambo hilo nilikuwa nimelifukia kwa miaka mingi. Katika nyika ile halikuwa na mahali pa kujificha, wala mimi sikuwa na mahali pa kulikimbia.

Sasa nizitaje fadhila zake. Kwa muda mrefu nimefundisha Jiografia kwa chaki na ubao. Nimewachorea wanafunzi nyanda za juu, nyika na pwani kwa mistari mitatu, nikawaambia wanakili. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mistari ile mitatu ilinichukua siku sita, na kila mpaka niliuona ukifika. Asubuhi moja karibu na Emali mawingu yalifunguka kwa dakika chache, Kilimanjaro ikajitokeza na theluji yake. Kibwezi nilianza kuiona mibuyu. Tsavo niliuona udongo mwekundu, kisha nikawaona tembo wenye rangi hiyohiyo kwa kujirushia vumbi lake. Ukavu wa Taru, uliozitisha safari za misafara katika karne ya 19 kwa kukosa maji, niliufahamu kwa ulimi wangu, maana nilibeba lita tano na bado nilihesabu mafunda.

Historia nayo imelala kando ya njia ileile. Sultan Hamud ni mji wenye jina la Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1896 hadi 1902. Mackinnon Road, mji wenye jina la Mskoti aliyeongoza kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, una msikiti kando ya reli, wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, ambapo wasafiri hushuka kuomba dua kabla ya kuendelea. Ndani ya basi majina hayo hupita dirishani kama namba za nyumba. Kwa baiskeli kila jina lina kivuli chake, maji yake na watu wake.

Na hao watu ndio faida kubwa kuliko zote. Msafiri wa peke yake hujifunza upesi kwamba hajitoshelezi. Nilifika Makindu usiku umekaribia, goti limevimba. Pale pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na desturi yake ni kumlisha na kumlaza msafiri yeyote pasipo kumuuliza dini wala kabila, wala kumdai malipo. Nilivua viatu, nikafunika kichwa, nikaketi sakafuni pamoja na familia iliyokuwa ikielekea harusini na dereva wa lori aliyekuwa na usingizi kuliko mimi. Tulikula chakula kimoja. Nilimtazama yule dereva, nikajiuliza ni saa ngapi hajafumba macho, na hasira niliyokuwa nimeibeba tangu Salama ikapungua nusu.

Siku iliyofuata, karibu na Mtito Andei, mama mmoja muuza chai aliniuliza kwa mshangao, "Baba, mbona unajitesa na mabasi yapo?" Nilimwambia kwamba natafuta kuijua nchi yangu. Akatafakari kidogo, akaniongezea andazi, akasema, "Basi kula, nchi ni kubwa hii." Sijawahi kusikia maelezo bora ya somo la uraia.

Wala jambo hili si geni duniani. Mpolandi Kazimierz Nowak alianza kuivuka Afrika peke yake mwaka 1931 akiwa na baiskeli. Aliingia upande wa kaskazini, akafika ncha ya kusini, kisha akarudi kaskazini kwa njia nyingine, kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi, mpaka mwaka 1936. Kwa hiyo wanafunzi wangu walipokwisha kuchoka na habari za simba, msichana mmoja wa kidato cha pili aliuliza lile lililokuwa moyoni mwake: "Na msichana je, Mwalimu, anaweza kwenda peke yake?"

Nilimsimulia habari za Dervla Murphy wa Ireland, aliyeendesha baiskeli peke yake kutoka Ulaya hadi India mwaka 1963. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 60, mama huyo alianza safari nyingine kutoka hapahapa Kenya, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia mpaka Zimbabwe. Kitabu alichokiandika kuhusu safari hiyo kilibeba neno la Kiswahili katika jina lake: The Ukimwi Road. Darasa lilinyamaza kwa heshima. Lakini yule msichana hakuuliza kama mwanamke wa Ireland anaweza. Aliuliza kama yeye, wa mtaa wa Umoja, anaweza. Na hapo mwalimu wake alikwama.

Nilikwama kwa sababu ningetaka kumwambia ukweli. Ni kweli kwamba msichana hana budi kupima zaidi ya mvulana atalala wapi na kwa nani. Hilo ni aibu yetu sote, nami sitalifunika kwa maneno matamu. Ila kabla ya kufikiria kitanda cha Voi, lazima kwanza atoke Umoja salama. Kilomita 30 za kwanza, kutoka Eastlands hadi Mto Athi, ndizo zilizonitisha kuliko nyika yote. Katika barabara ya Jogoo matatu ilinikata ghafla kuelekea kituoni, lori likiwa nyuma yangu, nami nikaruka juu ya ukingo kwa bahati tu. Barabara ya Outer Ring ilipopanuliwa ilitengewa njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, lakini pahali pengi njia hiyo imekuwa soko, gereji na kituo cha bodaboda. Simchukii mchuuzi, naye anatafuta unga wa watoto. Ila mwendesha baiskeli akifukuzwa njiani mwake hushuka barabarani, na barabarani hana mtetezi. Mbele ya hapo kuna barabara ya Mombasa. Ile ya juu ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu baiskeli wala pikipiki, hivyo mnyonge hubaki chini pamoja na malori.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Wangeishi Eastlands leo wangeongeza kwamba mwenda pole husukumwa mtaroni.

Haya si malalamiko ya mtu mwenye mchezo wake wa likizo. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara kwa mara kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa kila mwanafunzi ninayemwita jina asubuhi. Kaunti ya Nairobi haikosi maarifa: mwaka 2015 ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Ahadi hiyo ipimwe kwa jicho la mtoto anayetoka Kayole saa kumi na mbili asubuhi. Kama njia yake inakatika kabla ya mzunguko, kama mtaro wake hauna kifuniko, kama taa yake imezimika, basi sera hiyo haijamfikia.

Wala tusiisukumie serikali mzigo wote. Shule yetu, kwa mfano, haina mahali pa kufungia hata baiskeli moja, na kwa miaka yote hiyo mimi sikuwahi kulisema jambo hilo katika kikao cha walimu. Vyuma vichache na fundi mmoja wa Kamukunji vingelimaliza kwa siku mbili. Walimu wa Jiografia tunaweza kuwatoa wanafunzi Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, wakaupime mto Nairobi kwa macho yao badala ya kuunakili. Wazazi nao waache kumwambia mtoto kwamba baiskeli ni ya walioshindwa.

Nilivuka Makupa siku ya sita adhuhuri, midomo imepasuka, baiskeli ikilia kila mahali isipokuwa kengele. Hakuna aliyenipigia makofi. Nilikunywa dafu mbili, nikaitazama bahari, nikalala saa kumi na nne. Nilirudi kwa basi, na kwa muda wa saa tisa niliziona siku zangu sita zikirudi nyuma dirishani: msikiti, mibuyu, kibanda cha chai, na mahali nilipojitupa kwenye changarawe. Nilipofika nyumbani nilianza kumtafuta yule kijana wa Dandora, ambaye sasa ni mtu mzima, nimwombe radhi. Bado sijampata.

Kama wakati ule kungekuwa na njia salama ya baiskeli kati ya Dandora na shule yetu, kijana yule angefika darasani kabla yangu. Msichana wa Umoja anasubiri jibu langu. Siwezi kumpa njia hiyo peke yangu, wala sitaki kumwambia angoje mpaka amalize shule.