Saa ya Kurudi: Shauri kwa Waendao Maziwa ya Mlima Kenya



Juma lililopita nilipokea barua ya bwana mmoja ambaye ni karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Yeye na wenzake watatu wamekusudia kuitumia sikukuu ijayo kwenda kuyaona maziwa ya Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria. Shauri lao ni hili: walale Chogoria mjini, waondoke kwa gari usiku wa manane mpaka lango la hifadhi, wapande kwa miguu mpaka Ziwa Ellis, waendelee mpaka Ziwa Michaelson, kisha warudi langoni siku ile ile kabla ya jua kuchwa. Swali lake kwangu lilikuwa moja tu: wachukue chakula gani?

Kwanza nampongeza bwana huyu. Wengi wetu tumezaliwa tukiutazama mlima ule, twanywa maji yake na kumwagilia mashamba yetu kwayo, wala hatujapata kuukanyaga. Mkono mmoja wa Mto Nithi, ambao jina lake limo katika jina la kaunti ya Tharaka-Nithi, hutoka katika Ziwa Michaelson. Maji yake hushuka kwenye mashamba ya chai na kahawa, huingia Mto Tana, na mwisho hufika Bahari ya Hindi. Mkulima aliyekwisha kuona kwa macho yake mahali mto wake uzaliwapo, si rahisi tena kuufanya jalala.

Lakini, bwana karani, niwie radhi nikikuambia kwamba swali lako si la chakula. Katika barua yako umeandika saa ya kuondoka, umeandika na saa ya kufika, bali saa ya kurudi hukuiandika. Safari ya mlimani isiyo na saa ya kurudi ni kama daftari la hesabu lenye mapato bila matumizi. Wewe wajua mwisho wake.

Tufanye hesabu hiyo pamoja. Mji wa Chogoria uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Lango la hifadhi liko karibu mita 2,950. Ziwa Ellis lipo zaidi ya mita 3,400, na Ziwa Michaelson lipo karibu mita 4,000, chini ya genge kubwa liitwalo The Temple. Basi mtu aliyelala mjini, akapelekwa na gari alfajiri mpaka langoni, amekwisha kuinuliwa karibu mita 1,500 kabla hajapiga hatua ya kwanza. Akitaka kufika Ellis atapanda nyingine 500. Akitaka Michaelson, kiasi cha 1,000.

Huko juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi unayovuta kwenye mita 3,500 huingiza karibu theluthi mbili tu ya hewa anayoivuta mtu wa Mombasa. Mwili waweza kuizoea hali hiyo, lakini hutaka siku, si saa. Usipopewa nafasi yake, kichwa huuma, tumbo huchafuka, chakula hakipendezi tena, na miguu huwa mizito. Haya yaweza kumpata kijana mwenye nguvu za kupindukia na kumwacha mzee anayekwenda pole pole.

Nami nasema haya kwa kuwa nilikwisha kuyaona. Mara yangu ya kwanza kwenda huko tulikuwa watu wanne, nami ndimi niliyekuwa kiongozi, kwa sababu ya umri tu. Tulifika Ziwa Ellis saa tano asubuhi. Jua lilikuwa likiwaka, maji yametulia, na vilele vya mlima vyaonekana wazi kana kwamba viko kijiji cha pili. Tukala, tukapiga picha. Kisha mmoja wetu akasema, "Twendeni mbele kidogo tu, tukaone bonde." Wakati huo mwenzetu mmoja, mzaliwa wa pwani, alikuwa hajala kitu. Nikamwuliza, "Vipi, ndugu yangu?" Akanijibu, "Sijambo, twendeni. Nisiwe mimi wa kuwaharibia safari."

Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Saa saba ukungu ulipanda kutoka bondeni, na baada ya dakika chache hatukuona hata hatua kumi mbele yetu. Mvua ya barafu ikafuata. Ndugu yule akaketi juu ya jiwe, akatapika. Alipojaribu kusimama alipepesuka kama mlevi. Tulimshusha kwa kumshika mikono, huku tukitafuta njia ambayo asubuhi ilikuwa pana kama barabara. Tulikuwa na tochi moja kwa watu wanne. Tulifika langoni saa tatu za usiku, baada ya kupita mahali penye kinyesi cha nyati ambacho hakijapoa. Mwenzetu alipona, kwa kuwa kushuka ndiyo dawa yenyewe. Hata hivyo, kila nikumbukapo lile jibu lake, naona haya. Yeye aliificha taabu yake kwa heshima yetu. Na sisi tuliikubali heshima hiyo kwa kuwa ilitufaa.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Nadhani hawakuwa wakisema habari za mlimani wakati wa usiku.

Kwa hiyo, bwana karani, shauri langu ni hili. Msilale mjini, laleni langoni au karibu nalo, ili miili yenu ipate usiku mmoja wa kuizoea hewa. Ni afadhali kuongeza siku moja ya ruhusa kazini kuliko kuongeza mgonjwa. Ulizeni mapema habari za kiingilio na namna ya kukilipa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwani bei na taratibu hubadilika. Mchukueni kiongozi wa njia kutoka huko huko, mtu aliyezoea ukungu wa mahali pale na mwenye kujua nyati wapendapo kusimama. Tena mwacheni mtu wa nyumbani na karatasi yenye majina yenu, njia yenu, na saa mtakayokuwa mmerudi. Msitegemee simu, maana mabondeni huko mara nyingi haishiki.

Siku yenyewe, ondokeni saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza. Asubuhi ndiyo saa njema ya mlima ule, maana mawingu huanza kupanda karibu na adhuhuri. Kutoka langoni mpaka Ziwa Ellis ni mwendo wa saa tatu au nne kwa mtu asiye na haraka. Basi mtafika kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu. Pumzikeni, tembeeni ukingoni, tazameni lobelia zile kubwa ambazo hushika maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu kwa baridi, na chini yake chipukizi husalimika.

Saa sita kamili, geukeni. Popote mlipo, hata kama ziwa laonekana mbele yenu, hata kama mbingu haina wingu, geukeni. Mkifanya hivyo mtakuwa langoni yapata saa tisa au saa kumi, na akiba ya saa mbili na zaidi za mwanga kwa jambo lolote litakalotokea. Saa hiyo ikubaliwe na wote jioni ya kabla ya safari, mkiwa mmeshiba na akili zimetulia, kwa sababu huko juu hewa nyepesi na tamaa ya kuona hufanya kila mtu awe wakili wa "mbele kidogo tu".

Kanuni ya pili: aliye dhaifu ndiye mwenye amri. Mtu yeyote akiumwa kichwa pamoja na kichefuchefu, asiendelee kupanda. Hali ikizidi ashuke mara moja, wala asishuke peke yake. Akipepesuka, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hali amekaa, hiyo ni hatari ya kifo, wala hapana kungoja asubuhi. Kiongozi asiulize, "Waweza kuendelea?" maana kwa mtu mwenye haya jibu la swali hilo ni "ndiyo" siku zote. Na aulize, "Umekula nini? Kichwa kinaumaje?" kisha amtazame anavyotembea.

Habari ya Ziwa Michaelson, iacheni kwa safari hii. Kwenda na kurudi kutoka langoni kwa siku moja si kazi ya watu watokao ofisini. Atakaye kuliona na aende na hema, alale njiani, apande kwa siku mbili au tatu.

Sasa nijibu swali lako. Chukueni chakula kilichokwisha kupikwa: viazi vitamu, chapati, mayai ya kuchemsha, njugu na ndizi, na chai ya moto ndani ya chupa. Msibebe maharage mabichi. Juu huko maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100, na maharage yatawashinda. Tena msiwashe moto wowote. Mwezi wa Machi 2012 moto uliteketeza maelfu ya hekta za mlima huu. Kila mmoja awe na lita mbili za maji, sweta, koti la mvua, kofia, viatu vilivyokwisha kuzoea miguu, na tochi yake mwenyewe. Taka zote zirudi nanyi. Na kama sikukuu yenu yaangukia Aprili au Novemba, katika mvua kubwa, ahirisheni mpaka Januari au Februari.

Najua baadhi ya wenzako watasema kwamba kugeuka saa sita, na ziwa linaonekana, ni woga. Waambie kwamba ziwa lile halihami. Mwaka ujao litakuwa pale pale, nanyi wanne mtakuwapo kulitazama.

Safari njema, na ukirudi niandikie.