Mke wa Mpakani na Hati Iliyo Mkononi mwa Mume

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ndoa ya watu wa nchi mbili si jambo la kustaajabisha. Mto Kagera ndio mpaka wetu na Rwanda, na ndio mpaka wetu na Uganda, walakini mto huo haukupata kuwatenga watu. Mnyambo wa Kaisho na Mnyankole wa ng'ambo husikilizana kila mmoja akisema lugha ya kwao. Wakimbizi wa Rwanda walianza kuingia Karagwe tangu mwaka 1959 na miaka iliyofuata, na mwaka 1994 wakaja wengine maelfu kwa maelfu. Kahawa huvuka, ng'ombe huvuka, na vijana huvuka pia. Wakionana hupendana, na wakipendana huoana. Hapana ubaya katika hayo.

Ubaya tunaotaka kuuzungumza leo ni ule unaoanza ndani ya nyumba, pale mume raia wa Tanzania anapompiga mkewe aliyetoka ng'ambo, na mke yule akashindwa kwenda kushitaki. Anaogopa nini? Hamwogopi mume peke yake. Anaogopa kwamba akifika kituoni kuomba fomu ya PF3 ili atibiwe majeraha yake, swali la kwanza litakuwa juu ya hati zake, wala si juu ya aliyempiga. Na mume anajua. Neno lake la kutisha si rungu tena, ni "nitakupeleka Uhamiaji."

Tishio hilo lina nguvu kwa sababu watu wa huko wameona kwa macho yao mambo yanavyokuwa. Mwaka 2006 watu wengi wenye asili ya Rwanda waliondolewa Karagwe. Mwezi wa Julai mwaka 2013, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke, na mwezi wa Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na sababu. Ujambazi wa silaha katika barabara na mapori ya Kagera ulikuwa umewachosha wananchi, na makundi ya ng'ombe yalikuwa yakiingizwa hifadhini bila ruhusa. Hatuna nia ya kuyafanya hayo yaonekane madogo. Lakini katika wale maelfu waliovushwa mto walikuwamo wanawake walioolewa na raia, wakaacha waume upande huu na watoto upande huu, ingawa mtoto wa baba Mtanzania ni Mtanzania kwa sheria yetu wenyewe. Jambazi na mama wa watoto watano walipita katika lango moja. Tangu siku hiyo kila mume mkorofi wa mpakani amepata fimbo asiyoigharimia hata senti moja.

Basi tuitazame sheria, maana watu wengi hudhani mwanamke huyu hana haki yo yote. Si kweli. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, katika kifungu cha 11, inasema kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wo wote wa uhai wa mumewe. Neno lililotumika humo ni haki, wala si fadhili. Mgeni mwingine hutakiwa kukaa nchini miaka mingi na kuthibitisha mengi. Mke wa raia amefunguliwa mlango wake mwenyewe. Na asiyetaka kuuacha uraia wa kwao, kwa kuwa nchi yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, anaweza kukaa kwa hati ya mfuasi.

Mlango upo, lakini ufunguo uko mfukoni mwa mume. Mwombaji wa uraia kwa njia ya ndoa hana budi kuonyesha cheti cha ndoa, naye aliolewa kwa mila, kwa mbuzi na pombe ya ndizi, bila cheti. Hana budi kuthibitisha kwamba mume ni raia, na cheti cha kuzaliwa cha mume pamoja na kitambulisho chake cha taifa vimo katika sanduku la mume. Hati ya mfuasi, kama jina lake linavyosema, ni ya mtu amfuataye mwingine. Yule anayefuatwa akikataa, hapana hati. Na hayo maneno "uhai wa mume" yana ukali wake: mume akifa kabla maombi hayajapelekwa, haki ile hufa pamoja naye, hata kama mjane amelima shamba la migomba la ukoo ule kwa miaka ishirini. Kwa hiyo mume mwema humpeleka mkewe ofisini katika mwaka wa kwanza, na mume mbaya humwambia kila mwaka ya kwamba bado hajapata nafasi.

Twafika sasa kwenye fundo gumu kuliko yote, nalo ni la mwanamke aliyekwisha kuhukumiwa na mahakama kwa kosa fulani. Sheria ya Uhamiaji, nayo ya mwaka 1995, inawataja watu wasioruhusiwa kuingia wala kukaa nchini, na miongoni mwao wamo waliofungwa huko nje kwa makosa ambayo kwayo maofisa huwaona hawafai, na waliokwisha kutolewa amri ya kufukuzwa. Kukaa nchini bila kibali ni kosa lenye adhabu ya faini au kifungo. Na popote uraia unapoombwa kwa njia ya kawaida, tabia njema hutazamwa.

Maneno hayo yakisomwa mezani Dodoma yanaonekana ya haki kabisa. Yasomwe Nkwenda au Nyaishozi, na mtu ataona jinsi yanavyojizungusha. Mwanamke hakupata kibali kwa sababu mume hakumwombea. Akakamatwa kwa kukosa kibali, akatozwa faini au akafungwa. Sasa ana hukumu. Akienda kuomba kibali anaambiwa kwamba yeye ni mtu mwenye hukumu. Kosa lililomtia hatiani ni kazi ya mkono wa mumewe, na mume yule yule hana hukumu yo yote, wala kwa kumficha mgeni nyumbani mwake, wala kwa kumvunja mkono.

Yapo makosa ya namna nyingine pia. Yuko aliyevusha magunia ya kahawa kwenda Uganda usiku kwa amri ya mume. Yuko aliyepika gongo ili apate ada ya shule. Yuko aliyechoka siku moja akashika mchi na kumrudishia. Hatusemi kwamba hao hawakukosa. Twasema kwamba hakimu alikwisha kuwapima na adhabu wameitumikia. Mke Mtanzania aliyetoka gerezani Kayanga kwa kosa kama hilo hurudi kwa watoto wake, lakini mwenzake aliyezaliwa Isingiro ya Uganda hupewa adhabu ya pili ambayo hakimu hakuitaja, nayo ni kutengwa na watoto hao.

Nchi nyingine zilikwisha kuliona fundo hili. Marekani ilitunga sheria mwaka 1994 ya kuwalinda wanawake dhidi ya udhalimu, na ndani yake mke au mume anayeteswa na raia au mkaazi wa kudumu akaruhusiwa kujiombea mwenyewe haki ya kukaa, bila sahihi ya mtesaji wala habari kumfikia. Mwombaji hutakiwa kuwa na mwenendo mwema, hata hivyo hukumu iliyotokana na mateso hayo yaweza kusamehewa, yaani ofisa huuliza si tu "ulifanya nini" bali pia "kwa nini." Mwaka 2000 ikaongezwa viza kwa walioumizwa na uhalifu wakalisaidia jeshi la polisi, viza 10,000 kwa mwaka, na humo karibu kila dosari ya mwombaji yaweza kuachiliwa kwa hiari ya serikali. (Foleni yake imekuwa ya miaka mingi, wala hatudai kwamba Marekani ni mwalimu wa ukarimu kwa wageni.) Karibu zaidi nasi, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imesema waziwazi kwamba uraia haupotei kwa kuolewa wala kwa ndoa kuvunjika. Rwanda ina sheria ya ukatili wa kijinsia tangu mwaka 2008, Uganda ina sheria ya ukatili wa nyumbani tangu 2010, na Kenya tangu 2015. Tanzania Bara haina sheria ya peke yake juu ya jambo hilo.

Hata hivyo hatuko mikono mitupu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, ilikwisha kutamka kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzake wa ndoa, hata kama mila yasema vingine. Kifungu cha 160 chasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalouliza mke alizaliwa ng'ambo gani ya mto. Mwanamke wa Kyerwa aliyetoka Rwanda anaweza kwenda Baraza la Usuluhishi, na kutoka hapo mahakamani, kudai talaka, matunzo na sehemu yake. Shida ni kwamba aweza kuondolewa nchini Jumatatu na shauri lake likaitwa Alhamisi.

Pia, tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki ianze kutumika mwezi wa Julai mwaka 2010, raia wa Rwanda, Uganda na Burundi huweza kuingia kwa hati yake ya safari na kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita. Kwa yule ambaye bado hajafukuzwa wala kushitakiwa, kwenda kwao na kurudi kwa njia ya Murongo na mhuri wa halali ni afadhali mara nyingi kuliko kujificha migombani. Aliyekwisha kufukuzwa hana njia hiyo.

Watakuwapo watakaosema kwamba tukilegeza kamba, kila mpenya mpaka atajidai kuwa mke anayepigwa. Hoja hiyo yastahili jibu. Kijijini hakuna siri ya namna hiyo: mwenyekiti wa kitongoji anajua, jirani anajua, mganga wa zahanati ameandika, na Dawati la Jinsia la polisi lina jalada. Ushahidi wa kipigo ni rahisi kupatikana Mabira kuliko ushahidi wa tarehe ya kuzaliwa.

Twaona, kwa hiyo, kwamba mambo mawili yangeweza kufanywa bila kungoja Bunge. Kamishna Jenerali wa Uhamiaji angetoa maagizo kwamba mke wa raia mwenye jalada la kupigwa asiondolewe mpaka shauri lake limalizike, na hukumu ya kukosa kibali isihesabiwe kuwa dosari ya tabia pale ambapo aliyepaswa kukiomba ni mume. Na polisi wangeagizwa kwamba mlalamikaji ashughulikiwe kwanza kama mlalamikaji. Jambo la tatu ni la Bunge lenyewe, nalo ni kuyaondoa yale maneno "uhai wa mume" katika kifungu cha 11 ili mjane na aliyeachwa kwa kosa la mume wasipoteze haki waliyokuwa nayo jana. Wakati wa kufanya hivyo wasimsahau mwanamke Mtanzania aliyeolewa na mgeni, maana kifungu hicho hakimpi mumewe haki kama hiyo hata kidogo.

Kwa sasa tungewaomba Wabunge wa Karagwe na Kyerwa wamwulize Waziri wa Mambo ya Ndani swali moja: kati ya watu walioondolewa Kagera mwaka 2013, wangapi walikuwa wake wa raia, na wangapi wao walikuwa na jalada katika kituo cha polisi kabla ya kuondolewa?