Tovuti ikigoma, usikimbilie nauli

Hebu mfikirie mzazi aliye Zombe, kule mashariki ya Kitui, ambaye binti yake amebakiza siku moja tu kabla ya mlango wa maombi ya mkopo wa HELB kufungwa. Msichana anaibonyeza simu tangu alfajiri. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha skrini inabaki nyeupe. Baba anatoa amri: "Mwanangu, panda matatu uende saiba ya Kitui mjini." Nauli inatoka, siku inapotea, na huko mjini yamkini skrini ni nyeupe vile vile.

Kabla ya kutoa hiyo nauli, yafaa kwanza kujua hitilafu iko wapi.

Tovuti haielei hewani kama wengi wanavyodhani. Ni kazi iliyohifadhiwa ndani ya tarakilishi iitwayo seva, ambayo yapasa kuwaka usiku na mchana. Kati ya seva hiyo na simu iliyo mkononi mwako pana mnara wa simu, nyaya, pengine kebo iliyolazwa chini ya bahari, na kile tunachoweza kukiita daftari la majina, ambalo huigeuza anwani unayoandika kuwa nambari ambazo mashine hufuata. Kimoja kikikatika, wewe huoni ila skrini nyeupe.

Basi fungua kwanza tovuti nyingine yoyote. Zikikataa zote, ugonjwa uko karibu nawe: bando imekwisha, au mnara umekosa umeme. Zikifunguka nyingine na hiyo moja ikagoma, mpigie shangazi aliye Nairobi, anayetumia laini ya kampuni nyingine, umwombe aijaribu. Akiifungua, njia yako ndiyo mbovu. Azima laini ya jirani, au hapo ndipo safari ya Kitui ina maana. Asipoifungua, kuna uwezekano mkubwa kwamba tovuti yenyewe imelala, na hakuna saiba wala kituo cha Huduma kitakachokusaidia, maana nao hubisha hodi mlango ule ule.

Soma pia tarakimu zinazojitokeza. Ukiona 404, seva i hai ila ukurasa ulioutaka haupo; aghalabu ni herufi iliyokosewa katika anwani. Ukiona 500, 502 au 503, matatizo yako upande wa wenyewe, nawe huna la kufanya ila kungoja. Usibofye mara mia, kwani kila mbofyo ni mzigo mwingine kwa seva iliyokwisha kulemewa. Na simu ikikuonya kwamba tovuti si salama, tazama tarehe ya simu yako kabla ya kumlaumu mtu. Simu inayodhani tuko mwaka mwingine hukataa vyeti halali vya usalama.

Huko kulemewa kwa seva Wakenya walikuonja Julai 2023. Mtandao wa eCitizen, ambao serikali ilikuwa imeukusanyia huduma zaidi ya 5,000, ulivurugwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Wahalifu hao hawakuhitaji kuvunja kufuli. Waliimiminia seva maombi ya uongo mengi kiasi kwamba maombi ya kweli yalikosa nafasi, mfano wa umati wa watu wasionunua kitu kuziba mlango wa duka. Wageni waliokosa viza za mtandaoni ikabidi wapewe walipowasili, na ununuzi wa tokeni za stima nao ukakwama. Oktoba 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na mashambulizi ya kundi hilo. Mtu aliyekuwa Zombe siku zile angesafiri hadi Mombasa na asipate kitu.

Kisa cha Mei 12, 2024 kilikuwa tofauti kabisa. Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikawa ya kujikokota Kenya, Tanzania na kwa majirani. Seva zilikuwa nzima. Barabara ndiyo iliyobomoka. Nayo Oktoba 4, 2021, Facebook na WhatsApp zilitoweka duniani kwa takriban saa 6, kwa sababu wahandisi wa kampuni yenyewe walikosea katika matengenezo na mashine zao za daftari la majina zikawa hazifikiki. Wakubwa nao hukwama!

Sasa suala la pesa. Ikiwa umelipa kwa M-Pesa na tovuti ikazimika kabla ya kukuonyesha risiti, usilipe tena. Hifadhi ule ujumbe wenye nambari ya malipo, ungoje. Jihadhari pia na mjuaji anayekuletea anwani "mpya inayofanya kazi", kwani siku za hitilafu ndizo siku za matapeli. Anwani ya eCitizen ni ecitizen.go.ke, nayo tovuti haihitaji umtajie mtu yeyote nambari yako ya siri.

Kuna kifo kingine cha tovuti kisicho na mhalifu wala kebo, nacho huzipata shule na vikundi vya kina mama. Jina linaloishia kwa .sc.ke au .or.ke huwa la muda, na muda ukiisha hulipiwa upya. Kijana aliyeunda tovuti aliliandikisha kwa barua pepe yake mwenyewe, akapata kazi Nairobi, na onyo la kwamba muda unaisha likamfikia yeye peke yake. KeNIC, shirika linalosimamia majina yote ya .ke, lina ukurasa ambapo yeyote anaweza kutafuta jina na kuona tarehe linapokwisha. Mwalimu mkuu anaweza kulitazama la shule yake leo hii, akiwa bado anayo nambari ya simu ya yule kijana.